Petroli Haiondoi Vumbi la Mawe

Injini ya karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, ikishafunguliwa, kazi ya kwanza hupewa mdogo kuliko wote gereji. "Dogo, osha vyuma." Dogo anamimina petroli kwenye karai, anazamisha mikono hadi viwikoni, anasugua pistoni, vali na silinda hedi huku mvuke ukimpanda usoni. Kuanzia Kahama hadi Katoro na Geita mjini, mafundi wengi walianzia hapo. Ni kazi inayodharauliwa, nayo huenda ndiyo yenye sumu kuliko zote zinazofanyika pale.

Petroli inapendwa kwa kuwa inakata grisi upesi na kukauka yenyewe. Lakini kinachokauka kimehamia hewani, na ndani yake mna benzini, kemikali inayoshambulia uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, na inayoweza kuleta saratani ya damu. Mwaka 2025 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka petroli yenyewe katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Wapo wanaojifariji kwamba petroli ya siku hizi haina risasi. Ni kweli haina, ila benzini bado imo.

Kisha kuna moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini hadi ulikute jiko la mama lishe au cheche za grenda. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Shinyanga saa nane mchana. Mvuke huo ndio uliolipuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu walipokuwa wakichota mafuta kwenye lori lililopinduka. Waliokufa walizidi 100.

Ajabu ni kwamba hatari yote hiyo haiisaidii injini. Katika ukanda huu dhahabu mara nyingi imo kwenye mishipa ya jiwe jeupe la kwatzi, na karasha husaga jiwe hilo hatua chache tu kutoka ilipofungwa injini yake. Kichujio cha hewa kikichoka, unga wa mawe unaingia hadi kwenye silinda. Kwatzi ni gumu kuliko chuma cha silinda. Petroli inayeyusha grisi iliyoubeba unga huo, lakini unga wenyewe hauyeyuki. Unabaki umejificha kwenye mikwaruzo midogo ya ukuta wa silinda, pamoja na chembe za jiwe la kuchongea ikiwa silinda imetoka kuchongwa. Ringi mpya zikifungwa juu yake zinasagwa mapema, injini inaanza kula oili, na lawama anatupiwa muuza spea.

Kinachozitoa chembe hizo ni maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu. Grisi nzito ikwanguliwe kwanza, iliyobaki ilainishwe kwa dizeli kidogo mahali penye hewa, ndipo sabuni ifuate. Njia za oili zipitishiwe brashi nyembamba. Baada ya kusuuza na kukausha, futa silinda kwa kitambaa cheupe chenye oili safi. Kikitoka na kijivu, rudia kuosha. Kikitoka cheupe, paka oili papo hapo, maana chuma kilichooshwa hivyo huanza kushika kutu ndani ya dakika chache.

Kosa jingine ni kupuliza vyuma vikavu kwa kompresa. Vumbi la kwatzi linaloumiza zaidi ni lile lisiloonekana kwa macho. Huzama ndani kabisa ya mapafu na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba, unaomweka mtu pia katika hatari kubwa ya kifua kikuu. Chuma kilowe kwanza, upepo utumike mwisho kukausha tu.

Kostiki soda, kwa anayeitumia kuoshea, nayo iangaliwe. Kwenye pistoni na hedi za alumini hula chuma chenyewe na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Ikirukia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha hospitali.

Na ule mtindo wa kunyonya petroli kwa mpira? Ikimezwa, mtu asitapishwe wala asipewe maziwa. Hatari kubwa ni petroli kuingia mapafuni, na kutapika huipa nafasi ya pili. Apelekwe hospitali, hata kama anakohoa kidogo tu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Dogo asiye na mkataba atamdai nani? Angalau anunuliwe glavu za nitraili. Zile nyembamba za mpira wa kawaida hulainika na kupasuka kwenye mafuta, na za kitambaa huishikilia petroli kwenye ngozi. Jioni mikono isioshwe kwa petroli, kwa kuwa inaondoa mafuta ya asili ya ngozi hadi ipasuke, na oili chafu inapenya kwenye nyufa. Mafuta kidogo ya kupikia, ya pamba au alizeti, hulegeza grisi. Sabuni na maji humalizia.

Maji ya karai yaachwe yatulie usiku kucha. Asubuhi oili itakuwa juu, ikombwe na kutiwa kwenye dumu la oili chafu, na tope la chini lizolewe kabla halijakauka likawa vumbi.