Damu kuvuja ndani ya fuvu: lini tundu dogo linatosha?

Mkwezi aliyeanguka kutoka kwenye mchikichi, abiria wa bodaboda aliyejigonga kichwa na bibi aliyeteleza bafuni huko Ujiji wanaweza wote kufikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, wakiwa na tatizo moja: damu imevuja ndani ya fuvu. Upasuaji wao, hata hivyo, haufanani.

Kinachoamua ni mahali damu ilipo na muda iliokaa. Damu mbichi huganda na kwa kawaida haiwezi kutoka kwenye tundu dogo, hivyo daktari hukata kipande cha mfupa ili aiondoe. Kipande hicho hurudishwa papo hapo, au huachwa nje ili ubongo ukivimba upate nafasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha hospitali 40 katika nchi 11, ulionesha kuwa pale mfupa unapoweza kurudishwa, njia hizo mbili hazikutofautisha hali za wagonjwa baada ya mwaka mmoja. Walioachwa bila mfupa walipata zaidi matatizo ya kidonda. Waliorudishiwa walihitaji zaidi kupasuliwa tena.

Kwa wazee mambo ni tofauti. Pigo dogo tu huweza kuvujisha damu polepole chini ya utando wa ubongo, nayo baada ya wiki kadhaa huwa majimaji. Hapo tundu moja au mawili kwenye fuvu hutosha, mara nyingine kwa ganzi tu. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2009 ulionesha kuwa kuacha mpira mwembamba wa kutolea majimaji kulipunguza kurudi kwa tatizo kutoka asilimia 24 hadi 9. Tundu dogo, basi, si tiba ya kubahatisha.

Damu iliyovuja katikati ya ubongo kwa sababu ya shinikizo la damu mara nyingi haipasuliwi. Hutibiwa kwa kushusha shinikizo na uangalizi wa karibu.

Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), yenye mabingwa wa upasuaji wa ubongo, ipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma. Kwa hiyo saa zinazopotea nyumbani ni ghali. Mzee anayesahau ghafla, kulegea upande mmoja au kuumwa kichwa wiki kadhaa baada ya kuanguka huambiwa ni uzee, ilhali anahitaji kipimo cha CT-Scan. Aliyeumia kichwa akitapika mfululizo, kusinzia kupita kawaida au kupata degedege apelekwe hospitali mara moja, na ndugu wataje dawa zozote anazotumia za kuzuia damu kuganda.