Ni Nani Akungojaye?

Watu wengi hudhani kwamba bidii ni tunda la moyo wa mtu mmoja peke yake. Akiamka mapema, husifiwa kuwa ana nia thabiti. Akilala mpaka jua limepanda, hulaumiwa kuwa mvivu. Lakini mwenye kuyatazama vema maisha ya Baraka, pwani ya Ziwa Tanganyika, na ya Fizi kule milimani, ataona jambo lingine. Mara nyingi mtu huamka kwa sababu yuko mwenzake anayemngoja.

Tazameni wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza hutoka na taa zao, maana dagaa hufuata mwanga; mbalamwezi ikiwa kali, hupumzika. Kazi ile si ya mtu mmoja: huyu hushika kasia, huyu hutunza taa, hawa huvuta wavu. Mmoja akikosa, wote huchelewa. Basi yule aliyechoka, ambaye angalikuwa peke yake angalijifunika blanketi, husikia mlangoni sauti: “Ndugu, twende, mtumbwi unakungoja!” Naye huondoka. Je, nia yake imepata nguvu kwa ghafula? Sivyo. Ameitwa tu.

WASEMAVYO WATAALAMU

Siku hizi wako wataalamu wanaochunguza mwenendo wa wanadamu kwa hesabu. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walikusanya pamoja chunguzi 148, zilizohusu watu zaidi ya 300,000. Wakaona kwamba wenye ndugu na rafiki wa karibu walikuwa na tumaini la kuendelea kuishi lililozidi kwa nusu lile la wenye upweke. Basi upweke si huzuni ya moyo tu. Hudhuru na mwili pia.

Wengine walifanya majaribio katika Kenya ya magharibi, na habari zake zikatolewa mwaka 2013. Walitaka kujua kwa nini watu wa mapato madogo hushindwa kuweka akiba kwa ajili ya afya, kwa mfano kununua chandarua. Wengine walipewa kasha lenye kufuli. Wengine, ambao walikuwa tayari katika vikundi vya kuchangiana, waliongeza mchango mmoja kwa ajili ya afya tu. Kasha lilisaidia, maana fedha iliyotengwa haitumiki ovyo. Lakini mchango wa kikundi ulisaidia zaidi. Kasha halimwulizi mtu, “Mbona leo hukuja?”

WATU WALIOTAWANYWA

Kwa watu wa Fizi jambo hili si la vitabuni. Vita vya mwaka 1996, na vile vilivyofuata mwaka 1998, viliwafukuza watu wengi makwao. Maelfu walivuka ziwa mpaka Kigoma, wakakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu. Mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha kutoka Kigoma mpaka Baraka. Walikuta nyumba zimeanguka na mashamba yamekuwa msitu. Hayo yaliweza kutengenezwa kwa jembe na kwa jasho. Lakini jirani aliyezoea kubisha hodi asubuhi alikuwa wapi? Wengine walikufa, wengine walibaki ng’ambo, wengine walikuwa wageni wasiojuana.

Hapo kale Wabembe walikuwa na lubunga, mahali ambapo wanaume waliota moto, wakala pamoja na kuamua mashauri. Asiyeonekana pale aliulizwa habari zake. Kijiji kikitawanyika, desturi ya namna hii hupotea kimya kimya, na hakuna lori la misaada liwezalo kuileta tena.

Mwaka 2013 zilitangazwa habari za uchunguzi mwingine, uliofanywa katika vijiji vya Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, juu ya wanawake 405 waliotendewa jeuri na kubaki na majonzi makubwa. Katika vijiji vingine kila mmoja alisaidiwa peke yake. Katika vingine walikutana kila juma katika makundi madogo, wakafundishwa namna ya kuyapima mawazo yanayowatesa. Miezi 6 baadaye, katika wale wa kwanza, 42 kwa 100 walikuwa bado na dalili za huzuni nzito au hofu; katika wale wa makundi, 9 tu. Hatusemi kwamba kukutana peke yake kuliwaponya, kwa kuwa mafundisho nayo yalikuwa na kazi yake. Lakini yafaa tukumbuke kwamba walijifunza pamoja, kila mmoja akiona kuwa si yeye tu aliyeumizwa.

SANDUKU LENYE KUFULI TATU

Kina mama wengi wa Kivu wanajua likelemba: kila mmoja hutoa kiasi kile kile, na mmoja huchukua zote kwa zamu. Namna nyingine ya kuweka akiba ilianza nchini Niger mwaka 1991, nayo imeenea Afrika mpaka Kongo ya mashariki. Watu 15 au 25 hivi hukutana kila juma. Kila mmoja huweka kadiri ya uwezo wake katika sanduku moja lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali. Mwenye shida au mwenye biashara hukopa kidogo, kisha hurudisha na faida. Baada ya mwaka mmoja hivi hugawana vyote.

Tumfikirie mjane mmoja anayeuza mafuta ya mawese sokoni Baraka. Akiwa peke yake husema, “Nitaweka akiba nikipata nyingi,” na siku ile haifiki kamwe. Akiwa kikundini hujua siku na saa. Hatua ni ndogo, wenziwe humwona akiipiga, naye huwaona wao. Ndiyo sababu anaweza leo kufanya lile lililomshinda mwaka jana, ingawa mafuta anayouza ni yale yale.

HATARI YA FAINI

Hata hivyo, ndugu wasomaji, kikundi chaweza pia kumpoteza mtu. Vikundi vingi hutoza faini kwa wachelewaji. Je, yafaa? Sikilizeni habari ya mji wa Haifa, nchini Israeli, iliyotolewa mwaka 2000. Katika shule za watoto wadogo, wazazi walichelewa kuja kuwachukua watoto wao. Shule 6 zikaweka faini. Wachelewaji hawakupungua, bali waliongezeka! Zamani mzazi alimwonea haya mwalimu anayemngoja. Sasa alihesabu kwamba amekwisha kumlipa. Hata faini ilipoondolewa, uchelewaji haukupungua.

Basi faini isichukue mahali pa ujirani. Mwenzetu akikosa kufika mara mbili, njia ni mbili. Ya kwanza ni kumwandikia faini na kumsema hadharani. Naye, akiona aibu, hatarudi tena, na huenda ndiye aliyehitaji kikundi kuliko wote. Ya pili ni kwenda kwake jioni.

“Hodi, dada!”

“Karibu, mama.”

“Hatukukuona juma lile wala hili. Tumesema, labda ni homa.”

“Si mimi, mama, ni mtoto. Na fedha yote imekwenda kwa dawa. Nitakujaje mikono mitupu?”

“Njoo hivyo hivyo. Mahali pako papo.”

Maneno machache tu, wala hayagharimu hata franka moja.

MASHAURI KWA JAMAA

Wazazi wapenzi, mkitaka kuanza kazi ngumu, iwe kilimo, akiba au kujifunza kusoma, msianze peke yenu. Chagueni mwenzi mmoja, na siku moja ya juma isiyobadilika. Anzeni na kiasi kidogo ambacho hata katika juma baya mtakiweza. Asiyefika, mwendeeni kabla ya kumhukumu. Na katika jamaa zilizorudi kutoka ng’ambo, au zilizokimbia vita tena, maana huko milimani amani haijatulia, ulizeni kwanza swali hili: katika mtaa huu mpya, ni nani atakayegundua kesho kwamba mama huyu hakutoka nyumbani mwake? Kama hayuko, basi na awe mmoja wenu.