Risiti haiwezi kufuta haki ya mnunuzi

MNUNUZI anaporudi dukani na pasi ya umeme iliyoungua siku ya pili baada ya kununuliwa, aghalabu hujibiwa kwa kidole. Muuzaji humwonyesha maandishi madogo chini ya risiti, au tangazo lililobandikwa nyuma ya kaunta: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Wengi husoma, wakaguna, wakaenda zao wakiamini kwamba sheria imenena.

Sheria haijanena hivyo. Kipengele cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, kuelezwa anayohitaji kujua ili afaidike nazo kikamilifu, kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na kulipwa fidia anapopata hasara au madhara kutokana na kasoro. Wala kipengele hicho hakimbani mwenye duka peke yake. Taasisi za umma zinazotoa huduma, zikiwemo hospitali za serikali, nazo zimo.

Kabla ya Katiba hiyo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, ilikuwa tayari imeweka sharti kwamba anayefanya biashara ya bidhaa fulani huuza kitu kinachofaa kuuzwa, hata kama neno hilo halikutamkwa dukani. Udhaifu wake ni kuwa iliruhusu pande mbili kukubaliana kuliondoa sharti lenyewe, na hapo ndipo maandishi ya risiti yalipopata nguvu. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 iliuziba mwanya huo. Haki zilizomo haziondolewi na makubaliano yoyote, hata kama mnunuzi ametia sahihi.

Basi mwenye pasi iliyoungua ana haki ya kudai. Muuzaji hawezi kujinasua kwa kumtuma kwa mtengenezaji, kwa kuwa mkataba wa ununuzi ni kati yao wawili. Waranti ya kiwanda, ikiwapo, ni nyongeza tu.

Hata hivyo, haki hii si ya kila anayejuta. Aliyenunua kanzu kisha akaichukia rangi yake alipofika nyumbani hana la kudai ila huruma ya mwenye duka. Kwake yeye, tangazo lile la ukutani lina maana. Kadhalika, aliyeikagua bidhaa kabla ya kulipa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Wanaochagua mitumba sokoni Gikomba wanalijua hili bila kufundishwa na wakili. Ndiyo maana hulipindua shati ndani nje kabla ya kutaja bei.

Muda nao ni muhimu mno. Anayekaa na bidhaa mbovu kwa kipindi kirefu bila kumjulisha muuzaji huhesabiwa kuwa ameikubali. Akifika hapo hawezi tena kuikataa na kurudishiwa pesa zote, bali husalia na dai la fidia pekee. Ni busara kuacha kuitumia mara kasoro inapojitokeza na kulalamika kwa maandishi. Ujumbe mfupi wa simu wenye tarehe huweza kutosha.

Muuzaji akikaidi, milango ipo. Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) hushughulikia bidhaa zisizotimiza viwango, nayo Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamishi kuhusu matangazo ya uongo na hila za kibiashara. Kwa anayetaka pesa zake hasa, njia iliyo wazi zaidi ni Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016 na kuanza kazi mwaka wa 2021. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, hutakiwa kuamua kesi katika siku 60, na mlalamishi anaweza kujitetea mwenyewe pasipo wakili.

Huko, risiti ndiyo shahidi wa kwanza. Nyingi za siku hizi huchapishwa kwenye karatasi ambayo maandishi yake hufifia baada ya miezi michache, hivyo inafaa kuipiga picha kwa simu siku ile ile ya kununua.