Kwa nini somo la video kwa watu wazima linapaswa kuwa fupi

Somo la video katika kozi ya mtandaoni linapaswa kuwa na urefu gani? Kwa mkulima wa Kirewa, wilayani Tororo, karibu na mpaka wa Uganda na Kenya, swali hilo linahusu fedha na muda. Tangu Julai 2021, vifurushi vya intaneti nchini Uganda hutozwa kodi ya asilimia 12. Mhadhara wa saa nzima unaweza kummalizia kifurushi kabla hajafika kwenye jambo alilolitafuta.

Mwaka 2014, Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha uchunguzi wa video za kozi za edX, jukwaa la Marekani, uliohusisha utazamaji wa mara milioni 6.9. Walibaini kwamba kwa kawaida mtazamaji hakuvuka dakika sita, hata video ilipokuwa ndefu zaidi. Aidha, mwalimu aliyezungumza kwa ukaribu, kama anayemweleza mtu mmoja, aliweza kuvutia kuliko aliyerekodiwa kwenye studio ya gharama kubwa.

Hata hivyo, ufupi pekee hautoshi. Mtu mzima hujifunza ili atende. Mashariki mwa Uganda, Bjorn Van Campenhout na wenzake waliwaonyesha wakulima wa mahindi video fupi kuhusu kilimo bora. Hiyo haikuwa kozi ya mtandaoni, lakini wanafunzi walikuwa watu wazima wenye shughuli zao. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, waliotazama walijibu maswali vizuri zaidi, walielekea zaidi kutumia mbolea, na waliripoti mavuno yaliyozidi ya wasiotazama kwa takriban asilimia 10.5. Kuwakumbusha baadaye kwa ujumbe wa simu hakukuongeza mengi.

Kwa hiyo, mtayarishaji wa somo na achague jambo moja kwa kila video: kwa mfano, namna ya kung'oa kiduha shambani kabla hakijachanua. Aanze na tatizo lenyewe, aonyeshe mikono ikifanya kazi, kisha amalizie kwa zoezi la kufanywa kesho yake. Sauti iwe katika lugha ya wanafunzi, iwe Kidhopadhola au Kiswahili, na faili iwe nyepesi, inayoweza kupakuliwa mara moja na kutazamwa tena bila intaneti.

Kabla ya kuisambaza, amwonyeshe mwanafunzi mmoja na amwombe atende alichokiona. Akishindwa, kinachohitaji kurekebishwa ni video.