Mashine ni ya fezi tatu, fremu yako ina fezi moja: soma kibati kabla hujatoa hela

Leo tuongee na mnaotafuta mashine za mtumba: za kukereza vyuma, drili za kusimama, randa na misumeno ya mbao. Unakuta mashine nzima kabisa, chuma kizito, bei chee. Mara nyingi bei imeshuka kwa sababu mota yake ni ya fezi tatu, na fremu nyingi za mtaani zina fezi moja. Muuzaji analijua hilo. Na wewe ujue itakugharimu nini kuiwasha, maana mtaji ukishageuka chuma kilichokaa kona haukurudishii kodi ya fremu.

Kwanza tuelewane. Fezi moja ni laini na nyutro, volti 230. Fezi tatu ni laini tatu zinazopokezana, na kati ya laini na laini kuna volti 400. Ule upokezanaji ndio unaoizungusha mota. Ukiipa fezi moja tu, inanguruma bila kuzunguka, inachemka, na ukiendelea koili zinaungua.

Sasa angalia kibati cha mota. Kuna namba nne za kupiga picha: kilowati (au HP, ambapo HP 1 ni kama wati 746), volti, ampea na mizunguko kwa dakika. Ya volti ndiyo inayoamua mambo:

👉 Kikisema 230/400, una bahati. Mota hiyo ikifungwa delta inafanya kazi kwa volti 230 za fezi tatu, na ikifungwa sta inataka 400.

👉 Kikisema 400/690, au 400 peke yake, hizo njia rahisi za hapa chini, ukiacha kubadili mota, hazitakupa nguvu kamili. Punguza bei au achana nayo.

Baada ya hapo una njia nne.

1. Kubadili mota. Unatoa ile ya fezi tatu, unaweka ya fezi moja. Kwa drili au msumeno mdogo inatosha kabisa. Hakikisha mizunguko inafanana (mfano 1,440 kwa 1,440), unene wa shafti uleule, na matundu ya miguu yanakaa.

2. Kufunga kapasita. Mafundi wengi watakuambia hii kwa sababu ni rahisi. Mota inazunguka kweli, ila inapoteza karibu theluthi ya nguvu zake au zaidi, na inaanza kwa unyonge. Feni itakwenda. Kompresa au mashine ya kusaga inayoanza ikiwa na mzigo itakusumbua. Halafu kapasita inabaki na chaji hata umeme ukizimwa, usiiguse ovyo.

3. Inveta ya mota. Sio ile ya sola! Hii dukani wanaiita VFD. Inapokea fezi moja ya volti 230 na kutoa fezi tatu za volti 230. Ndiyo maana mota lazima iwe ya 230/400 na ifungwe delta. Ukiiacha kwenye sta, msukumo wake unabaki kama theluthi tu, halafu utasema inveta ni feki. Inaiwasha mota taratibu, inapunguza na kuongeza spidi. Za kuingiza fezi moja hupatikana kirahisi mpaka kilowati 2.2, yaani HP 3.

Kwa inveta zingatia haya:
✅ Mwambie muuzaji wazi kwamba unaingiza fezi moja. Nyingine zinataka fezi tatu kuingia.
✅ Usiweke swichi kati ya inveta na mota. Swichi ya mashine ipelekwe kwenye sehemu ya kuiamrisha inveta.
✅ Ingiza ampea za kibati kwenye mipangilio, ili inveta ikate mota ikizidiwa.
✅ Inveta ya kilowati 2.2 ikifanya kazi kamili inaweza kuvuta zaidi ya ampea 20. Waya mwembamba wa soketi hauwezi. Ipe waya wake, breka yake na ethi ya uhakika.
✅ Usikae spidi ya chini muda mrefu na mzigo mzito. Feni ya mota nayo inapungua, mota inachemka.

4. Kuomba fezi tatu. Kama mashine ni ya kilowati 4 kwenda juu, au unapanga kuwa na mashine tatu nne, kaulize TANESCO gharama za kuunganishiwa. Ongea na mwenye fremu kwanza, maana ukihama, laini inabaki kwake.

Hesabu yake iko hivi: bei ya mashine + usafiri + inveta au mota + waya na breka + fundi. Jumla hiyo ndiyo bei halisi. Ilinganishe na mashine ya fezi moja iliyo tayari. Wakati mwingine ile "ghali" ndiyo rahisi.

Kazi ya kufunga mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Na picha ya kibati aione kabla hujalipa, sio mashine ikishashushwa kwenye kirikuu. Mtumie na mwenzako anayetafuta mashine wiki hii.