Kitabu Hiki cha Zamani ni cha Nani?

Kilikuwa kimefungwa ndani ya kipande cha kanga, chini kabisa ya sanduku la mama mmoja wa kikundi chetu. Jalada lilikuwa limechanika nusu, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeliwa na mchwa. Lakini tulipokifungua, sisi akina mama tuliokaa chini ya mwembe wa kanisa tulinyamaza kimya. Kilikuwa kitabu cha malezi ya watoto wachanga, kilichopigwa chapa mwaka 1958, kwa Kiswahili chepesi ambacho kila mzazi angeweza kukielewa. Baadhi yetu tulikumbuka mama zetu wakisomeana kitabu hicho jioni.

Siku hizo tulikuwa tukitafuta fedha za kununulia magodoro ya chumba cha wazazi katika zahanati yetu. Ndipo mmoja wetu akasema: "Kwa nini tusikichape upya, tukakiuza siku ya mavuno? Ni cha zamani mno, hakina mwenyewe tena." Tulipiga makofi. Kabla juma halijaisha, mhazini alikuwa amerudi kutoka mjini na nakala 60 za fotokopi, zimebanwa vizuri kwa pini.

Aliyetuzuia ni bibi mmoja aliyewahi kuwa mwalimu. Alichukua nakala moja, akaigeuzageuza, kisha akauliza: "Aliyeandika mnamjua? Na ruhusa mliomba kwa nani?" Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu. Nakala zote 60 zikafungiwa kabatini, nasi tukaanza kujifunza jambo ambalo tulipaswa kulijua kabla ya kwenda mjini.

UZEE WA KITABU SI RUHUSA

Wengi wetu tulifikiri kwamba kitabu ambacho hakiuzwi tena madukani kimekuwa mali ya kila mtu. Wengine tulidhani kwamba kisipokuwa na alama ya hakimiliki kwenye kurasa za mwanzo, hakina ulinzi. Mawazo yote mawili ni makosa. Mtu akiandika kitabu, haki yake huzaliwa pamoja na kazi hiyo. Hahitaji kwanza kuiandikisha mahali popote. Na kampuni iliyochapa ikifungwa, haki haifi pamoja nayo. Hubaki kwa mwandishi, kwa warithi wake, au kwa yule aliyekabidhiwa kwa mkataba.

Je, haki hiyo hudumu milele? La. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kenya nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2001, inahesabu miaka 50 baada ya kifo. Hesabu hiyo haiishii siku ile ile aliyofariki, bali huenda mpaka Desemba 31 ya mwaka wa mwisho. Baada ya hapo kazi huwa huru, na yeyote anaweza kuichapa bila kuomba.

Nchi nyingine zina hesabu ndefu zaidi. Uingereza, kwa mfano, ina miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi. Kwa hiyo kitabu kinaweza kuwa huru hapa kwetu na bado kikawa na mwenyewe kule. Anayetaka kupeleka nakala nje ya nchi aangalie sheria ya huko pia.

HESABU HUANZA KABURINI

Kosa letu kubwa lilikuwa kuutazama mwaka wa 1958 uliochapwa kitabuni, tukadhani umetosha. Kumbe mwaka wa kuchapwa si unaotawala, ila ni mwaka wa kifo cha mwandishi. Mtu aweza kuandika akiwa na miaka 25 na kuishi hadi 90. Kitabu chake kitakuwa kimezeeka sana, lakini saa ya ile miaka 50 itakuwa bado haijaanza kuhesabu.

Hebu tuchukue mfano wa Florence Nightingale, ambaye sisi wauguzi tunamfahamu tangu siku ya kwanza ya masomo. Alifariki mwaka 1910. Ukihesabu miaka 50 au 70, maandishi aliyoyachapa mwenyewe yako huru. Lakini mtu akiyatafsiri leo kwa Kiswahili, tafsiri ile ni kazi mpya, na mfasiri ana haki yake mwenyewe. Ndivyo ilivyo hata kwa John Bunyan aliyefariki mwaka 1688. Kitabu chake kwa Kiingereza hakina mwenyewe, lakini kabla ya kuchapa tafsiri yake yoyote ni lazima kuuliza: nani alifasiri, na alifariki lini? Mwenye nyimbo za kanisa zilizofasiriwa na akumbuke jambo hili.

Yako maswali mengine mawili. Kama waandishi ni zaidi ya mmoja na waliandika pamoja, hesabu huanzia kwa yule aliyekufa wa mwisho. Na kama mwandishi hakujitaja jina wala hajulikani, miaka 50 huhesabiwa tangu kazi ilipotolewa kwa watu mara ya kwanza.

JINA LILILOCHANIKA

Tukiwa na elimu hiyo, tulianza kutafuta. Kwenye jalada letu lililochanika lilikuwapo jina moja tu, la daktari wa kigeni aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni. Wazee walituambia kwamba alizikwa papo hapo. Tulikwenda wanne kwenye makaburi ya misheni, tukafyeka nyasi, tukasoma jiwe: alifariki mwaka 1969. Tukahesabu kwa vidole. Miaka 50 ilikwisha mwishoni mwa 2019. Tulirudi tukiimba njia nzima.

Hata hivyo yule bibi mwalimu hakuridhika. Alitutaka tuione nakala nzima, isiyochanika. Ndugu wa mmoja wetu anayeishi Dar es Salaam alikwenda kwa niaba yetu Maktaba Kuu ya Taifa, akakipata kitabu chetu. Akatupigia simu. Jalada lilikuwa na majina mawili. Chini ya jina la daktari lilikuwapo jina la mwanamke, mkunga wa Kiafrika, nalo ndilo lililokuwa katika kile kipande kilichopotea.

Tuliona haya. Nakala zetu 60 zilikuwa zimemfuta kabisa mwanamke aliyekaa na daktari yule na kuandika pamoja naye. Na sisi ni wanawake, tena baadhi yetu ni wakunga.

Tuliuliza kwa wauguzi wastaafu mpaka tukapata kijiji chake. Katika daftari la mazishi la kanisa la huko tuliona kwamba alifariki mwaka 1981. Basi kitabu chetu kitalindwa hadi Desemba 31, 2031. Hakikuwa huru hata kidogo, na alikuwapo binti yake aliye hai.

NYUMBANI KWA BINTI YAKE

Tulikwenda watatu, na kilo mbili za sukari. "Shikamoo mama," tulisema. "Marahaba wanangu, karibuni," alijibu, akatutandikia mkeka. Tulimweleza yote, hata habari za fotokopi, bila kuficha. Alinyamaza kitambo, kisha akatuambia kwamba mama yake aliandika usiku, kwa taa ya kibatari, baada ya kutoka zamu. Daktari alijua tiba, lakini Kiswahili kile na namna ya kusema na akina mama vilikuwa vya mama yake.

"Fedha si neno la kwanza," alisema. "La kwanza ni jina lake. Kwenye maziko ya daktari walisema yeye ndiye aliyeandika kitabu. Mama alisikia, na hakusema kitu."

Tulikubaliana mbele ya ndugu zake wawili, na yote yakaandikwa: nakala 500, majina yote mawili kwa herufi za ukubwa mmoja, na sehemu ya kumi ya mauzo iende kwake. Kila mmoja alitia sahihi na kubaki na karatasi yake. Zile nakala 60 tulizichoma.

Huenda ukasema: "Mbona kusumbuka hivyo kwa kitabu kidogo, tena kwa kazi njema?" Fikiri juu ya hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Mwaka 1929 mwandishi J. M. Barrie aliipa hospitali hiyo haki za Peter Pan, hadithi yake ya mtoto asiyekua. Mapato yake yakasaidia watoto wagonjwa. Barrie alifariki mwaka 1937, na miaka 50 ilikwisha mwaka 1987. Bunge la Uingereza likatunga sheria mwaka 1988 ili hospitali iendelee kupata malipo yake nchini humo hata baada ya muda wa kawaida kwisha. Basi haki ya mwandishi yaweza kuwa dawa ya mtoto, au sukari na sabuni ya mama mzee kijijini. Anayeichukua kimya kimya hajui anamnyang'anya nani. Na amri ya kutokuiba haikusema kwamba wizi kwa ajili ya zahanati umesamehewa.

USHAURI WA ZAMANI, WATOTO WA LEO

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sisi wauguzi hatungeweza kulinyamazia. Kitabu kile kilishauri mtoto apewe maji na maji ya machungwa kabla hajatimiza miezi mitatu. Leo tunajua sivyo. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, bila hata maji. Kilisema pia mtoto alazwe kifudifudi, lakini sasa tunafundisha alazwe chali.

Je, tungeyakata maneno hayo? Hapana. Mwandishi ana haki ya kazi yake kutobadilishwa ovyo. Tulimwomba binti yake, naye akakubali tuweke maelezo mwishoni mwa kila sura, chini ya mstari, tukionyesha wazi kwamba hayo ni maneno yetu na si ya waandishi. Hivyo mama yake anasomeka kama alivyoandika, na mtoto wa leo yuko salama.

NAWE UFANYE NINI?

Ukiwa na kitabu cha zamani ambacho unatamani kukichapa, fuata hatua hizi:

1. Tafuta nakala kamili. Soma jalada, kurasa za mwanzo na dibaji. Andika majina yote: waandishi, mfasiri, mchoraji wa picha. Kila mmoja aweza kuwa na haki yake.

2. Tafuta mwaka wa kifo wa kila mmoja. Uliza jamaa, makanisa, shule na hospitali walikofanya kazi. Daftari za mazishi na mawe ya makaburi husaidia sana.

3. Hesabu miaka 50 kutoka mwaka wa kifo cha aliyekufa wa mwisho, hadi mwisho wa Desemba.

4. Muda ukiwa haujaisha, tafuta mchapishaji au warithi. Usiridhike na ruhusa ya mdomo. Iandikwe: nakala ngapi, kwa bei gani, na malipo gani.

5. Ukikwama, omba ushauri kwenye ofisi ya hakimiliki. Tanzania wengi huijua kwa jina la COSOTA, na Kenya ni KECOBO.

6. Muda ukiwa umeisha, bado taja jina la mwandishi. Heshima haina mwaka wa kwisha.

Na kama mwenyewe hapatikani kabisa, usikate tamaa. Sheria hulinda maneno ya mwandishi, haifungi maarifa. Namna ya kumwogesha mtoto au kumpa maji ya chumvi na sukari anapoharisha si mali ya mtu mmoja. Kaeni pamoja, muandike kijitabu chenu kwa maneno yenu wenyewe.

Siku ya mavuno tuliuza nakala 212, na magodoro manne yamekwisha kufika zahanati. Binti wa mkunga alikuja kwa basi, akakaa mstari wa mbele. Tulipompa nakala ya kwanza hakuifungua. Alipitisha kidole juu ya jina la mama yake, polepole, herufi kwa herufi, kisha akakifunga kitabu ndani ya kanga yake.