Kabila la 43 na Mila ya Kupokeana

Husemwa mara nyingi kwamba Kaloleni, kata ya mji wa Voi, haina mila; ni mji wa reli, watu wametoka kila upande. Wanaosema hivyo wanadhani mila ni ya watu waliojitenga mlimani tu, na Taita Taveta, kaunti yenye mji huo, inawakanusha. Wataveta walikusanyika katika msitu wao wakitokea Upare, Uchagani, Utaita, Ukambani na hata Umasaini, wakawa watu wa lugha moja kabla serikali haijaandika jina la yeyote. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na baadaye mashamba ya mkonge yakahitaji vibarua, kupokeana huko kukaendelea. Katika mila za Utaita, mafuvu ya wahenga mapangoni watalii wameyapiga picha vya kutosha. Lakini mila iliyobeba mzigo mzito zaidi ni kutasa. Mtu hujaza kinywa pombe ya miwa au maji, akayapuliza nje kama manyunyu huku akitamka heri, na kwa kufanya hivyo anaitoa hasira yake. Wadawida, yaani Wataita wa milimani, waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni, iwe ya ndugu au ya jirani, huleta maradhi hata kama mwenye nayo hana nia mbaya. Kuiita ibada hii ushirikina ni kuionea. Ilikubali kwamba wanaoishi pamoja hukoseana, ikamdai kila mmoja aseme wazi kwamba moyo wake umetulia.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba taifa haliwezi kujengwa juu ya mila nyingi, akatoa mfano wa Ufaransa, ambako raia ni raia tu na sensa haimwulizi kabila wala dini yake. Hoja hiyo ina uzito, na Mkenya aliyewahi kuulizwa kabila dirishani akiomba kitambulisho anaweza kuitamani. Lakini serikali hiyo hiyo isiyotaka kujua kabila la mtu ilipitisha sheria mwaka 2004 kuzuia hijabu na alama nyingine za dini zinazoonekana wazi katika shule za umma, na mwaka uliofuata vitongoji vya Paris vikawaka moto, wengi wa vijana wake wakiwa wamezaliwa humo humo Ufaransa. Wakati huo huo Wangazija wa Marseille, ndugu zetu wa pwani, huchangishana kwa ajili ya anda, arusi kubwa inayompa mwanamume hadhi ya mzee kijijini kwao Ngazija. Uraia wao haujapungua kwa sababu hiyo.

Kenya ilikosea kwa njia iliyo kinyume. Wamakonde waliotoka Msumbiji kuja kukata mkonge na miwa, wakakaa Kwale, Kilifi na Taita Taveta, waliishi vizazi kadhaa bila kitambulisho kwa sababu hawakuwamo katika orodha ya makabila. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba walingoja kutambuliwa hadi 2023. Ni kweli kwamba namba hiyo iliwafungulia benki na kura, na hakuna anayepaswa kuidharau. Hata hivyo, haki ya mtu aliyezaliwa hapa, mwenye makaburi ya wazazi wake hapa, haikupaswa kungoja namba. Tena imekuja wakati vitu vilivyowafanya kuwa Wamakonde vinapotea. Ndonya, pambo la mdomo wa juu, imekwisha, na chale za usoni zimebaki kwa wazee. Lipiko, kinyago cha mti mwepesi kilichobandikwa nywele za binadamu, huvaliwa kichwani katika ngoma kikiwa kimeinuliwa uso, hata mchezaji anaona njia kupitia mdomo wake. Ustadi huo haufundishwi na karani wa usajili. Kaunti ya Taita Taveta, inayocheza mwazindika, ngoma ya Wataita, katika sherehe zake, ingeipa ngoma ya lipiko uwanja, kwa maana ibara ya 11 ya Katiba ya 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, wala haikusema utamaduni wa waliotangulia kufika.